Wiki ya Pune na Miraj: nilivyomfuata Prabha Atre

Jumatatu, 5 Desemba 2016. Mombasa hadi Nairobi

Begi la nguo, sweta mbili za kuazima, na mfuko wa achari ya maembe na korosho ambao dada yangu amenikabidhi kama amana ya mwanawe. Kijana anasoma Pune, katika jimbo la Maharashtra, mji ambao vijana wa Kenya na Tanzania wameuendea masomo kwa miaka mingi. Ndiye aliyeniandikia: "Mjomba, Desemba kuna Sawai. Usipokuja safari hii, usinihadithie tena mambo ya muziki."

Anajua pa kunishika. Mimi ni mpigaji kinanda katika taarabu ya Mombasa, kile kinanda cha mvukuto ambacho mkono mmoja unapuliza upepo na mwingine unatafuta sauti. Kinanda chenyewe na tabla zake vimetufikia kwa njia ya Bara Hindi, na tangu enzi za Juma Bhalo mahadhi ya Kihindi kwetu si mageni hata kidogo. Ila Uhindi tunayoijua ni ya filamu: kibwagizo, ubeti, kibwagizo, dakika nne zimekwisha, bibi harusi ametuzwa. Nyuma ya nyimbo hizo kuna muziki mwingine ambao watunzi wa filamu walikuwa wakiuchotea, na huo tunausikia kwa mbali.

Sawai ni mkato wa Sawai Gandharva Bhimsen Mahotsav. Bhimsen Joshi alilianzisha tamasha hilo mwaka 1953 kumkumbuka mwalimu wake, Sawai Gandharva, aliyefariki mwaka uliotangulia. La safari hii ni la 64, siku tano mfululizo. Wataimba wengi na kupiga wengi, ila mimi namfuata mmoja. Prabha Atre, mwimbaji wa muziki huo wa kale wa Kihindi, ana miaka 84, ni mzaliwa wa Pune, na ndiye atakayefunga usiku wa Jumapili. Nafasi hiyo ya kufunga ilikuwa ya Bhimsen Joshi mwenyewe hadi nguvu zilipomwishia. Alifariki Januari 2011.

Kanda ya Prabha Atre niliipata zamani kwa muuza vyombo mmoja wa Kihindi: upande mmoja raga Maru Bihag, upande wa pili Kalavati. Raga ni utaratibu wa sauti ambao mwimbaji anaujengea wimbo wake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani kinasa sauti kimeishiwa betri, kwa jinsi ulivyokwenda polepole.

Jumanne, 6 Desemba. Mumbai hadi Pune

Ndege imetua alfajiri. Kila televisheni uwanjani inaonyesha kitu kimoja: Jayalalithaa, kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, amefariki jana usiku huko Chennai. Watu wamesimama na mizigo yao wakitazama.

Habari ya pili ni pesa. Mwezi uliopita, tarehe 8 Novemba, serikali ilitangaza saa mbili usiku kwamba kuanzia usiku wa manane noti za rupia 500 na 1,000 si pesa tena. Mpaka leo nchi haijapumua. Sisi wageni tunaruhusiwa kubadilisha hadi rupia 5,000 tu kwa wiki. Nimepewa noti mbili mpya za 2,000, rangi ya waridi, na chenji ya mia mia. Noti ya 2,000 ukimpa muuza chai anakutazama kana kwamba umemtukana, maana chenji hana, na kwa mashine za benki foleni inaanza kabla jua halijachomoza. Mpwa wangu alishaniambia nisiwe na wasiwasi wa tiketi, ameshazinunua.

Stesheni ya Dadar nimeifikia siku yake hasa. Leo imetimia miaka 60 tangu afariki Dk. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya Uhindi, na watu wa tabaka zilizodharauliwa wanakuja kwa malaki mahali alipochomewa mwili, jirani na hapo. Bendera za buluu, akina mama waliovaa nyeupe, watoto mabegani, vitabu vimepangwa chini kando ya njia. Hilo la vitabu limenigusa. Mauzo mengine yote siku hiyo, naona, ni ya pili kwa vitabu. Nimepenya na begi langu kifuani mpaka jukwaa la treni ya Pune.

Ni kilomita 192 tu, lakini katikati kuna mlima. Treni inasimama Karjat ili injini za ziada zifungwe nyuma ziisukume kupanda Bhor Ghat hadi Lonavala. Wakati zinafungwa, wauzaji wanapita madirishani na vada pav: kiazi kilichopondwa na kutiwa viungo, kikachovywa unga wa dengu, kikakaangwa na kufungiwa ndani ya kimkate chenye pilipili ya unga. Mtu wa Mombasa aliyekulia viazi karai hahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya hapo mahandaki, giza, mwanga, korongo, giza tena, na baridi inaanza kuingia.

Mpwa wangu kanipokea stesheni ya Pune na koti la ziada mkononi. "Mjomba, sweta hizo ni za Mombasa. Hapa usiku utalia."

Jumatano, 7 Desemba. Pune

Viwanja viko Ramanbaug, uwanja wa shule katika mji wa zamani, si mbali na ngome ya Shaniwar Wada. Wamepiga turubai kubwa uwanja mzima. Mbele kuna makochi na viti vya wenye nazo. Nyuma na pembeni chini kumetandikwa, na hapo ndipo penye tiketi za bei nafuu. Wenyewe wanakaa kwa maarifa ya miaka: mto wa kuegemea, blanketi, chupa ya chai, vitu vya kutafuna, na mzee wa kulinda nafasi mtu akienda msalani. Tumepata pembe karibu na nguzo.

Alasiri ikafunguliwa kwa shehnai, na mgongo ukanisisimka, kwani ni ndugu wa nzumari yetu, ila huyu kapelekwa shule. Baada yake wakafuata wengine sitawataja wote. Jioni ya leo nilikuwa natazama wasikilizaji kuliko jukwaa. Karibu kila paja lina mkono unaohesabu: kofi, vidole, mkono unageuzwa juu penye mapigo matupu, kofi tena. Mwimbaji akienda kuzurura mbali na mapigo, mikono yote inamsubiri. Akirudi na kutua pale pa kwanza, paitwapo *sam*, uwanja mzima unatoa pumzi pamoja na vichwa vinatikisika. Watu maelfu. Hakuna aliyeambiwa lini apige makofi.

Kwetu msikilizaji anatuza. Anasimama, anacheza, anakuja na noti yake, na mwimbaji anamtaja. Hapa malipo ni "wah" moja, tena kwa sauti ya chini.

Nje ya turubai kuna mabanda ya vyakula, vitabu na santuri za diski. Saa nne usiku vipaza sauti vimezimwa, watu wakakunja blanketi. Bibi mmoja aliyekaa jirani nasi, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa amenuna. Zamani, kasema, Sawai lilikuwa la kukesha. Watu walikuja na watoto, wakalala hapo hapo, wakaamka alfajiri mwimbaji yuko katika raga za mapambazuko. Mahakama ya Juu ya Uhindi mwaka 2005 ilishikilia kwamba vipaza sauti visitumike kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ukiondoa siku chache za ruhusa, na mkesha ukafa. Wenye kulala na wagonjwa wana haki yao, siwezi kubisha. Lakini raga nyingi zina saa zake: za alfajiri, za adhuhuri, za jua kuchwa, za usiku mkubwa. Tamasha likifungwa mapema, nusu ya saa zile hazina pa kuimbiwa, na kijana anayekuja leo atazijua kwa simu tu.

Alhamisi, 8 Desemba. Pune

Mchana nimelala. Jioni mpwa wangu amenipa darsa la Prabha Atre, maana ana rafiki anayejifunza uimbaji.

Muziki ulimjia kwa njia ya ugonjwa wa mtu mwingine. Mama yake alikuwa hajiwezi, rafiki akashauri masomo ya muziki yangemchangamsha. Mama akasoma kidogo akaacha, mtoto wa miaka minane aliyekuwa akisikiliza pembeni ndiye aliyebaki nayo. Akasoma sayansi, akasoma sheria, kisha akapata udaktari wa falsafa katika muziki. Alifanya kazi All India Radio, baadaye akawa mkuu wa idara ya muziki katika chuo kikuu cha wanawake cha SNDT, Mumbai. Serikali imemtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 1990 na Padma Bhushan mwaka 2002. Ametunga raga zake mwenyewe, na anaandika vitabu, jambo ambalo si la kawaida kwa waimbaji wa rika lake, ambao wengi waliamini elimu hii inapita mdomoni tu.

Walimu wake walikuwa Sureshbabu Mane na Hirabai Barodekar, kaka na dada. Na hao ni watoto wa nani? Hapo ndipo mpwa wangu akaniambia nivae viatu, treni ya Miraj inaondoka usiku huu.

Ijumaa, 9 Desemba. Miraj

Tumeshuka kabla hakujakucha sawasawa. Miraj ni mji wa kusini mwa Maharashtra, karibu na mpaka wa Karnataka, wenye vumbi na hospitali nyingi. Ni mfungo sita, mwezi wa Maulidi, na vichochoro vya karibu na dargah, yaani kaburi la walii, vimepambwa vibendera vya kijani. Nilijisikia nyumbani kabla hata ya chai.

Dargah ni ya Khwaja Mirasaheb. Katika eneo lake amezikwa Abdul Karim Khan, mtu ambaye bila yeye hii safari yangu isingekuwepo. Alizaliwa mwaka 1872 huko Kairana, kaskazini, karibu na Delhi, na mtindo wa uimbaji unaoitwa Kirana umechukua jina la mji huo. Aliimba katika jumba la mfalme wa Baroda, akapendana na Tarabai Mane, binti wa ukoo mkubwa wa hapo, wakaondoka pamoja. Wakapata watoto watano. Mwaka 1922 Tarabai akamwacha, akawachukua watoto na kuwapa majina ya ukoo wake yeye. Sureshbabu na Hirabai ni miongoni mwao. Kwa hiyo walimu wa Prabha Atre ni damu ya huyu aliyelala hapa, ingawa majina yao hayasemi.

Tawi la pili ni la mwanafunzi: Abdul Karim Khan alimfundisha Sawai Gandharva, Sawai Gandharva akamfundisha Bhimsen Joshi na Gangubai Hangal. Muislamu wa kaskazini, wanafunzi Wahindu wa kusini, na watu hapa Miraj hawaoni ajabu yoyote. Kila mwaka kwenye hauli ya walii waimbaji wanakuja kuimba kwa heshima ya Khan Saheb, wa dini zote, na ni tendo la adabu, hakuna anayekuja kutafuta mshahara.

Kifo chake ni hadithi ambayo kila mtu wa muziki huku anaijua. Oktoba 1937 alikuwa kwenye treni akielekea Pondicherry. Akajisikia vibaya, akashuka kituo kidogo kiitwacho Singaperumal Koil, akatandikiwa jukwaani, akataka tanpura, zile ala za nyuzi zinazoshikilia sauti ya msingi, zilinganishwe, akaimba dua yake katika raga Darbari, akafa. Mwili wakauleta Miraj.

Tumeswali Ijumaa, kisha tukaenda kwa mafundi.

Miraj ndiko zinakotengenezwa tanpura na sitar kwa vizazi na vizazi, katika mtaa mmoja ambao duka linafuata duka. Wanasimulia kwamba babu zao walikuwa wanoa panga na watengeneza silaha za watawala. Vita vilipopungua katikati ya karne ya 19, mkono uliojua chuma na mbao ukageukia vibuyu. Ni vibuyu kweli. Vimerundikwa hadi darini, vikubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, vimekaushwa, vingine vimeshakatwa kichwa. Vinatoka mashamba ya upande wa Pandharpur, ambako mkulima anavilima kwa ajili hii tu. Kibuyu kinalowekwa kilainike, kinatanuliwa mdomo, kinakaushwa tena, halafu kinaunganishwa na shingo ya mti uitwao toon.

Fundi aliyetukaribisha ni mzee wa ndevu za hina. Alikuwa na tanpura iliyokamilika, kasoro sauti. Tanpura haina ufundi wa kupiga: nyuzi nne, unazipitisha vidole moja baada ya nyingine, basi, saa nzima. Kazi yote iko kwenye kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi zinakikalia. Uso wake si bapa, una mteremko usioonekana kwa jicho, na uzi unapotetemeka unaugusa na kuuacha, unaugusa na kuuacha. Mzee akasugua kwa tupa mara mbili. Akajaribu. Akasugua mara moja, nyepesi, kama anafuta jasho la mtoto. Kisha akachukua kiuzi cha pamba, kile cha kushonea, akakipenyeza chini ya waya na kukisogeza taratibu sana. Mpaka hapo waya ulikuwa unasema "ting" kama waya wowote. Kiuzi kilipofika mahali pake, sauti ikafunguka: ikawa na mvumo, na ndani ya mvumo zikasikika sauti nyingine za juu ambazo hakuna aliyezipiga. Nimepiga muziki maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kusikia uzi mmoja ukitoa ukoo mzima.

Nikauliza bei. Akataja. Nikahesabu za waridi nilizobaki nazo, mpwa wangu akacheka, mzee naye akacheka. Kasema tangu Novemba wateja wote wanahesabu hivyo hivyo. Kisha akamwambia mpwa wangu kwa Kihindi: atamwekea mjomba moja ndogo ya kike, kijana alipe kidogo kidogo, aichukue akifunga chuo. Chai ikaletwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Jumamosi, 10 Desemba. Njiani, kisha Pune

Treni imechelewa. Mashamba ya miwa, miwa, miwa. Tumefika jioni, nimekwenda kusikiliza nikiwa nimechoka, nimesinzia katikati ya kazi nzuri ya watu. Mwalimu wa hesabu kanifunika shali.

Jumapili, 11 Desemba. Pune

Watu wamefurika tangu mchana. Wengine wamesimama nje kwenye skrini. Nitayapita ya alasiri nifike kwenye lililonileta.

Kabla ya saa tatu usiku jukwaa likapangwa upya. Tanpura mbili nyuma, tabla kulia, harmoni kushoto, na wanafunzi wake wa kumsaidia. Kinanda changu kile kile, lakini mpigaji wake hapa kazi yake ni kivuli: anamfuata mwimbaji nusu hatua nyuma, asimtangulie kamwe. Kwetu kinanda ndicho kinachomwongoza mwimbaji kwenye mlango.

Prabha Atre akaingia. Mwanamke mwembamba, sari ya hariri, nywele zimechanwa vizuri, uso wa mtu aliyezoea kufundisha. Akasalimu kwa mikono miwili, akaketi, akageuka kuzisikiliza tanpura. Muda huo aliutumia bila haraka yoyote, na maelfu wakasubiri waya ulinganishwe.

Mtangazaji alisema kwa Kimarathi raga gani inaimbwa. Nikamuuliza mwalimu wa hesabu. Akaniwekea kidole mdomoni: "Jina baadaye. Kwanza sikiliza."

Basi nikasikiliza. Alianza chini, kwenye ile sauti ya msingi ambayo tanpura zinaishikilia, akakaa hapo. Akagusa sauti ya pili, akarudi. Akaigusa tena kwa upande mwingine. Sauti yake si ya binti. Ina mchanga kidogo, na pumzi anaipima. Ila pale anapoiweka ndipo penyewe hasa, si juu wala chini, na akishaiweka anaiacha itulie mpaka iungane na tanpura usijue ipi ni ya mti na ipi ni ya mtu. Tabla ilipoingia ilikuwa na mapigo 12, polepole kiasi kwamba duru moja tu inatosha kumeza ubeti mzima wa taarabu. Ndani ya duru hiyo yeye anatembea, anasimama, anafikiri. Ndiyo njia ya Kirana: raga inajengwa sauti kwa sauti, na huruhusiwi kwenda ya juu kabla ya chini haijaiva.

Nilitazama saa mara moja tu. Robo saa ilikuwa imepita na alikuwa bado hajafika kwenye sauti ya juu ninayoitegemea, na mimi nilikuwa nimeinama mbele kama ninayetazama mtu akivuka mto. Alipoifikia hakuipigia kelele. Aliigusa kwa chini chini, na uwanja mzima ukasema "aah".

Hapo ndipo nilipoelewa jambo la umri. Mwimbaji aliyejenga jina lake kwa nguvu za koo, akifika 84 hana kitu. Huyu alijenga kwa kukaa ndani ya sauti, na kukaa hakuhitaji kifua cha miaka ishirini. Palipokuwa na kasi alipokea kasi ya umri wake. Vipande virefu vya mbio aliwaachia wanafunzi, kisha akaingilia na kipande kifupi kilichoonyesha walikokuwa wanakwenda. Kwetu tulimjua Bi Kidude, aliyeimba hadi uzeeni kabisa, na tulimpenda, lakini tulimpenda kama muujiza. Tulishangilia kwamba bado anasimama. Pune hawakuwa wanashangilia kwamba Prabha Atre bado anaweza kuimba. Walikuwa wanasikiliza anachosema.

Kilichonifurahisha zaidi kama mpigaji ni *sargam*, pale anapoacha maneno na kuimba majina ya sauti zenyewe: sa, re, ga, ma. Wapo wanaoona ni mazoezi ya darasani yasiyofaa kupandishwa jukwaani, nami zamani ningekubaliana nao. Udaktari wake aliuandikia jambo hili hili. Kwake majina yale si hesabu. "Ga" ile ile ilikuja mara ya kwanza kama swali, mara ya pili kama mtu anayejibu kwa uchovu, mara ya tatu inataniana na tabla. Vidole vyangu vilikuwa vinatembea gotini vikitafuta vitufe.

Baada ya kazi ndefu zikaja nyepesi, na mwisho raga Bhairavi, ambayo kwa desturi ndiyo ya kufungia. Ni raga ya asubuhi, lakini kufungia inaruhusiwa saa yoyote. Prabha Atre mwenyewe amewahi kuhoji kwa maandishi kama sheria ya saa za raga ina mashiko siku hizi. Nilimgusia mwalimu wa hesabu jambo hilo. Akasema, "Yeye anaweza kuhoji, anazijua zote. Wanaohoji bila kuzijua ndio wananichosha."

Akamaliza, akasalimu, akashikwa mkono kushuka ngazi. Nilidhani watu wataondoka. Hakuna aliyeinuka. Ikawekwa rekodi ya kale ya Sawai Gandharva, Bhairavi yake, yenye mikwaruzo ya santuri, na tamasha likafungwa kwa sauti ya mtu aliyekufa mwaka 1952. Ni desturi ya kila mwaka. Vijana wa jukwaa wanakunja nyaya, marehemu anaimba.

(Naongeza haya wakati nanakili daftari: Prabha Atre alifariki Pune tarehe 13 Januari 2024, akiwa na miaka 91. Siku hiyo hiyo alikuwa anatarajiwa kuimba Mumbai. Tamasha nalo halipo tena Ramanbaug. Tangu 2018 limehamia Mukundnagar.)

Jumatatu, 12 Desemba. Pune hadi Mumbai

Kwetu ni Jamhuri, na simu imejaa bendera. Nashuka Bhor Ghat mchana, safari hii naona kila kitu: maporomoko yaliyokauka, nyani juu ya ukuta wa stesheni, wauzaji wa chikki, kashata za njugu, wakikimbia sambamba na behewa. Rupia zangu zimebaki za chai na za teksi.

Kiongozi wa kikundi kaniandikia. Jumamosi tuna harusi Likoni, anataka kujua nimeleta nyimbo gani mpya za filamu. Nimemjibu sijaleta hata moja, ila nataka ule wimbo wetu wa pili tuupige nusu ya mwendo, na kabla ya kuanza anipe dakika tano za kinanda peke yake, na waimbaji wanyamaze.

Kajibu: "Dakika tano? Bibi harusi atakuwa ameshafika kwa mumewe."

Nimemwandikia tujaribu mazoezi ya Alhamisi kwanza, kisha tuamue. Bado hajajibu, lakini naona ameshasoma.